Watoto wa kaka wanataka mto, boti na baiskeli kwa siku moja. Nikitokea Dodoma, nawapeleka wapi?

Shangazi wa Ipagala (Jumapili, saa 3:20 usiku)

Habari za usiku wanajukwaa. Naomba msaada wenu, na mniwie radhi nikiandika kirefu, maana jambo lenyewe lina historia yake.

Kaka yangu anaishi Uholanzi, mji wa Dordrecht, mwaka wa kumi na tatu sasa. Mwaka juzi alinikatia tiketi nikakaa kwao majuma matatu. Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni Jumamosi moja waliyonitoa matembezi. Tulitoka nyumbani kwa baiskeli, mimi wa mwisho kwa woga, tukafika gatini na kuingia nazo ndani ya boti la abiria linaloitwa Waterbus. Baiskeli hailipiwi humo, unaifunga pembeni tu. Boti likatushusha Kinderdijk, mahali penye vinu vya upepo 19, vingi vyake vya karne ya 18, vilivyojengwa ili kuyavuta maji yasiizamishe ile nchi ya bondeni. Mwaka 1997 viliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Tukaendesha katikati ya vinu na mifereji, tukala mikate tumekaa kwenye nyasi, jioni tukarudi na boti. Binti wa kaka, wakati ule ana miaka tisa, ndiye aliyekuwa mbele yangu njia nzima, na kila mahali alikuwa anageuka: "Shangazi, upo?" Nikimjibu nipo, anakanyaga tena.

Sasa ni zamu yangu. Kaka anakuja na watoto wake wawili mwishoni mwa Juni, binti amefikisha kumi na moja na mdogo wake wa kiume ana saba. Watashuka na treni ya SGR kutoka Dar, watakaa kwangu siku tisa. Nami nina wangu wa kiume wa miaka tisa ambaye ameshaanza kuhesabu siku ukutani kwa chaki.

Wiki iliyopita binti aliniuliza kwenye simu: "Shangazi, mto wa Dodoma unaitwaje? Boti linapita saa ngapi?" Nikanyamaza. Mtu wa Dodoma mwenzangu anajua kwa nini nilinyamaza. Mvua yetu ni Desemba mpaka Aprili, na ikishakata, mito yetu ni mchanga mtupu, ng'ombe wanapita katikati.

Lakini sitaki kumwambia mtoto kwamba kwetu hakuna. Nimefikiria bwawa la Hombolo, nimefikiria la Mtera, kila ninayemuuliza ananiambia lake. Nataka siku moja yenye boti na baiskeli, watoto warudi salama. Mwenye kujua anisaidie, tafadhali.

Kijana wa Nkuhungu (Jumapili, saa 3:52 usiku)

Dada, boti achana nalo. Wapeleke Kolo, Kondoa, wakaone michoro ya miambani. Nayo ni Urithi wa Dunia kama hivyo vinu, tangu 2006. Wazee wetu walichora kwa rangi nyekundu, ina maelfu ya miaka na bado inaonekana. Mtoto anayeishi Ulaya akaone kwamba kwao kuna kitu kama hicho.

Shangazi wa Ipagala (Jumapili, saa 4:05 usiku)

Ahsante sana mdogo wangu. Kolo tutakwenda, nimeshaitengea siku yake. Ila huyu mtoto ameniuliza mto.

Nesi wa Wilaya (Jumatatu, saa 12:40 asubuhi)

Mama, niongee kama mtu wa afya. Hombolo ni karibu, kama kilomita 40 tu kutoka mjini, na lile bwawa la tangu 1957 linapendeza, zabibu ziko kandokando. Ila kuna kichocho pale, na nimeshawatibu watoto wengi waliokuja wanakojoa damu. Kwa hiyo uende Hombolo, uende Mtera, uende bwawa lolote la maji baridi, kanuni ni moja: mtoto asiingize mguu majini.

Vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono wadogo wa majini, vinaogelea, vinapenya kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda. Vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, saa nne mpaka saa nane mchana, ndio muda ambao watoto wanataka kuchezea maji. Kujifuta taulo baadaye si kinga ya kutegemea. Wavae mabuti ya mpira wakati wa kupanda boti, au watu wazima wawabebe mgongoni. Ikitokea mtoto ametumbukia, usikae na hofu, wala usimpe dawa siku hiyo hiyo ukadhani umemaliza. Prasikwanteli, dawa ya kichocho, inaua minyoo iliyokwisha kukomaa, kwa hiyo anapimwa baada ya wiki kadhaa. Kaka yako amweleze daktari wao huko kwamba mtoto aliingia maji ya bwawa Afrika, maana huko hawatalifikiria.

Na kofia, na maji ya kunywa ya kutosha. Juni tunaona baridi, kumbe jua linachoma vilevile.

Mvuvi wa Migori (Jumatatu, saa 2:15 usiku)

Dada Shangazi, nimeona swali lako leo jioni nikifunga duka. Nimevua Mtera miaka ishirini na sita mpaka magoti yalipokataa. Naomba nikujibu polepole.

Kwanza mjibu mtoto. Mto wa Dodoma unaitwa Ruaha Mkuu. Watu wanaliita bwawa wanasahau kwamba ni mto uliozuiwa. Unatoka bonde la Usangu, unapita ndani ya Hifadhi ya Ruaha, unafika Mtera unakutana na Kizigo, na hapo ndipo mpaka: ng'ambo hii Dodoma, ng'ambo ile Iringa. Maji yakishuka ukutani yanazungusha mitambo ya megawati 80. Yanateremka Kidatu, yanazungusha tena, megawati 204. Yakishaingia Rufiji yanakutana na Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Maji yaleyale, mara tatu, ndipo yanaiona bahari. Mwambie taa ya sebuleni kwa shangazi inaweza kuwa imewashwa na mto aliokuwa anauulizia.

Sasa usalama. Mtera kuna mamba na kuna viboko, na sisemi ili kukutisha. Nimezika wenzangu. Lakini pia nimevusha harusi nzima pamoja na ngoma zao wakafika wakiwa wanacheza. Tofauti iko kwenye boti, saa, na nahodha.

Boti: mtumbwi wa kuchonga si chombo cha watoto. Mtoto akiinama kuchungulia samaki, umepinduka. Tafuta boti la mbao lenye mashine, pana, ambalo mtu mzima akisimama katikati haliyumbi. Kabla hujapakia mtoto, chungulia chini. Maji kidogo kwenye mkuku, ule uti wa chini kabisa, ni kawaida. Ukikuta yamefunika mataruma, yaani mbavu za boti, na kuna kijana kazi yake ni kuchota, hilo usipande, hata ubembelezwe vipi.

Saa: kipupwe ndio wakati wa upepo. Alfajiri bwawa linalala kama sahani. Jua likipanda upepo wa kusini mashariki unaamka, na bwawa hili ni pana, wimbi linapata nafasi ya kukua. Muwe mmeingia majini kabla ya saa tatu na mmetoka saa nne na nusu. Mchana wa Mtera ni wa kukaa kivulini kula perege.

Nahodha: usichukue mtu wa kukudaka barabarani. Nenda mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, uliza uongozi wa mwalo, waambie una watoto. Watakupa mtu mzima mwenye familia. Akusanye watoto katikati ya boti, mikono ndani, na akae mbali na maji mafupi yenye majani. Asubuhi viboko wanarudi kutoka malishoni, na ukimkuta kiboko ukamzibia njia ya kwenda kwenye kina kirefu, anapita hapohapo ulipo.

Jaketi la kuokolea ni kila mtu, na la mtoto liwe la mtoto. La mtu mzima humvuka: jaketi linabaki juu, mtoto anakwenda chini. Liwe na mkanda wa kupita katikati ya mapaja. Umesema wa Uholanzi, najua kule watoto wanafundishwa kuogelea tangu wadogo mpaka wanapewa vyeti. Ni jambo zuri, natamani na wetu wafundishwe, lakini kwa Mtera lisikupunguzie tahadhari.

Pale ukutani na kwenye mitambo kuna ulinzi, msitoe simu kupiga picha.

Shangazi wa Ipagala (Jumatatu, saa 2:48 usiku)

Baba yangu, nimesoma mara mbili, na mara ya pili nilimsomea mwanangu kwa sauti. Mungu akubariki. Vyeti vya kuogelea wanavyo wote wawili, mwanangu ndiye hajui kabisa. Nimemwandikia kaka usiku huu abebe majaketi matatu ya watoto yenye mkanda wa chini.

Imebaki baiskeli. Nani anakodisha za watoto hapa mjini? Na kule Mtera wataendeshea wapi?

Fundi Baiskeli, Majengo (Jumanne, saa 5:30 asubuhi)

Mama, za watoto zipo kwa mafundi, usinunue. Wa miaka saba mpe ya inchi 20, wa kumi na moja inchi 24, wa tisa jaribu zote mbili uone miguu inafika chini. Kwa siku moja utapata elfu tano kila moja, na umwachie fundi kitambulisho.

Kuendesha barabara ya lami ya Iringa hapana. Malori yale hayana nafasi ya mtoto, na hao wa kwenu wamezoea kupita kulia. Tafuteni njia za kijijini.

Adui yenu si magari tu, ni mbigili. Wakati huu majani yamekauka, vile vimiiba vyenye pembe vimelala chini vinangoja. Kila kikilala kinaacha pembe moja juu. Mbebe vitu hivi: pampu, viraka, solusheni, kipande cha msasa, spana ya 15, na vijiko viwili vya chuma vya kutolea tairi. Tairi likipata mbigili usichomoe papo hapo kama uko karibu na mnapokwenda, wakati mwingine mwiba wenyewe ndio umeziba tundu. Mkifika kwenye mchanga mtoe upepo kidogo, tairi litandae, lisizame sana. Mkirudi kwenye ardhi ngumu mjaze.

Shangazi wa Ipagala (Jumatano, saa 1:10 usiku)

Fundi, nitapita kwako Alhamisi ya kabla ya safari. Na kuhusu njia, nimepata jibu usingizini. Kijijini kwetu ni nje kidogo ya barabara hiyohiyo ya Iringa, kabla ya kufika Fufu. Baba mdogo yupo. Boti asubuhi Mtera, baiskeli jioni nyumbani.

Shangazi wa Ipagala (siku kumi na nane baadaye, Jumapili, saa 2:05 usiku)

Wapendwa, niliahidi mrejesho. Wageni wameondoka jana na treni ya asubuhi, nyumba imekuwa kubwa ghafla, ndio nimepata muda wa kukaa.

Tulitoka Ipagala saa kumi na moja kasorobo alfajiri, na Noah ya jirani, kaka akiendesha. Baiskeli tatu juu ya keria, zimefungwa kwa mipira ya tyubu aliyotupa Fundi. Saa moja na robo tuko Mtera, jua limetoka, maji yametulia vilevile kama Mvuvi alivyosema.

Sasa hapo nilikosea na nasema ili mwingine asikosee. Siku tatu kabla nilikuwa nimepewa namba ya mtu mwenye boti, nikazungumza naye, nikamtumia kianzio cha shilingi elfu ishirini, kwa kuogopa kukosa. Alikuja kwa wakati, sikatai. Ila boti lenyewe, nikachungulia chini: maji yamefunika mataruma yote, na kijana anachota kwa kopo la rangi. Majaketi mawili, moja limechanika ubavuni sponji inatoka. Akaniambia, "Mama, haya ni maji ya kawaida." Watoto walishavaa majaketi yao, wameshashikana mikono tayari kupanda. Nikasema hatupandi. Binti akalia, akanitazama kama nimemwibia. Kaka naye alitaka kusema kitu nikamwomba anyamaze. Fedha haikurudi na sikuidai, sikutaka kugombana mbele ya watoto.

Tukatembea mpaka mwaloni. Kiongozi wa mwalo alitusikiliza akiwa ameshika ndoo ya samaki, akaita jina, akaja mzee mmoja mrefu na boti lililopakwa rangi ya buluu. Kitu cha kwanza alichofanya mzee yule ni kuwanyanyua watoto mmoja mmoja, kwapa kwa kwapa, kama anayepima mahindi. Nilidhani anacheza nao, kumbe anajua wa kumweka wapi. Mzito katikati, wawili wepesi mbele na nyuma yake, mimi na kaka kila mtu ubavu wake. Mkanda wa mwanangu aliufunga mwenyewe, akauvuta, akauvuta tena. Shilingi elfu sitini, mafuta juu yake. Saa mbili na nusu tukaingia majini.

Nataka niwaeleze ile miti. Kuna miti iliyokufa imesimama majini tangu bwawa lijazwe, haina jani, imekuwa ya kijivu kama mifupa. Mzee alizima mashine katikati yake akaliacha boti lielee. Ukimya ule, nilisikia tu maji yanavyogonga mbao chini ya miguu yangu. Kila mti una mnandi wake ametanua mabawa anakausha. Furukombe alilia mahali, binti akaruka. Halafu tukapita karibu na shina moja kiasi cha kuligusa, na juu kidogo ya kichwa cha mzee kulikuwa na mstari wa tope kavu umezunguka shina lote, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Chini yake mistari mingine, mmoja chini ya mwenzake, rangi inafifia. Mzee akamwonyesha binti kwa kidole: "Hapa maji yalifika. Yakashuka hapa. Yakakaa sana hapa. Yakashuka tena." Binti akahesabu mistari saba. Akaniambia kwamba kwao Dordrecht kuna kuta zimeandikwa mwaka na alama ya mahali maji ya mafuriko yalipofika. Kaka akatafsiri, mzee akatikisa kichwa akasema, "Kumbe wanatujua."

Hapo ndipo nilipompa binti jibu la Mvuvi, kwamba mto wetu ni Ruaha Mkuu na safari yake mpaka baharini. Akarudia jina mara tatu mpaka akalipata sawasawa.

Viboko tuliwaona kwa mbali sana, masikio tu. Mdogo wake akahesabu masikio tisa na akakataa kabisa kuambiwa ni nane au kumi. Saa nne na dakika chache mzee akatazama upande wa mashariki, maji yalikuwa yameanza kukunjamana huko, kwetu bado yametulia. Hakusema neno, akawasha mashine akageuza. Tunashuka gatini, wimbi la kwanza linapiga boti. Baba Mvuvi, nilikukumbuka. Wote walivaa mabuti, Nesi, na hakuna aliyelowa hata kisigino.

Tukala perege wa kukaanga na ugali. Mdogo alikula wawili.

Saa nane tukawa kijijini. Nilikuwa nimewafundisha watoto garini kusema "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na walipomwamkia baba mdogo, mzee wa miaka sabini na tano, aliweka fimbo chini akafunika macho kwa viganja. Wajukuu wa kaka yake, aliyezikwa hapo nyuma ya nyumba, hajapata kuwaona.

Tukangoja jua lipungue. Saa tisa na nusu tukatoa baiskeli, kama kilomita nne kwenda korongoni kwa njia ya ng'ombe, baba mdogo mbele na Phoenix yake ya miaka mingi, sufuria na kibuyu vimefungwa nyuma. Mteremko wa kwanza tu binti akakwama: baiskeli za kwao unakanyaga kurudi nyuma ndio breki. Akakanyaga nyuma, pedali zikazunguka bure, akaingia kwenye kichaka cha miiba. Michubuko ya mikono tu, tukamwonyesha breki ya mkononi, akaendelea. Na safari hii mimi ndiye niliyekuwa mbele yake, namgeukia: "Upo?" "Nipo, shangazi."

Tukafika. Ng'ambo mpaka ng'ambo ni hatua sitini, mchanga mweupe, nyayo za mbuzi. Binti akasimama katikati na baiskeli yake, akatazama juu na chini ya korongo.

"Mto uko wapi?"

Baba mdogo akamjibu, "Umesimama juu yake."

Akapiga magoti, akafukua kwa mikono. Mchanga wa juu ulikuwa wa moto na mkavu, unateleza kurudi shimoni. Ulipofika kwenye viwiko vya mzee ukabadilika rangi, ukawa wa kahawia, baridi, unashikamana. Watoto wote watatu wakaingiza mikono. Kidogo tu zaidi, maji yakaanza kutoka pembeni ya shimo, hayana haraka, machafu kama chai ya maziwa. Baba mdogo akayachota kwa kipande cha kibuyu akayamwaga, yakajaa tena, akayamwaga, mara ya nne yakawa safi unaona punje za mchanga chini. Akawaambia kwamba alikuzwa kwa maji haya, na baba yao wao alikuzwa kwa maji haya, na akishachota huwa anazungushia miiba mifugo isiyachafue.

Wakati huo huo mwanangu akaita. Tairi la nyuma limelala. Mbigili tatu, Fundi, tatu kwenye tairi moja! Tukatoa tyubu kwa vijiko vyako. Kaka akataka kuichovya kwenye kile kisima kutafuta tundu, baba mdogo akamzuia mkono. Maji ya kunywa hayaingizwi mpira. Akamwambia binti achimbe shimo lake mwenyewe, hatua kumi kwa upande wa chini. Akachimba peke yake. Maji yakaja. Tukapampu tyubu, akaizungusha polepole ndani ya maji yake, na mapovu madogomadogo yakapanda mfululizo. Akaweka kidole juu ya tundu akakaza. Msasa, solusheni, tukapuliza mpaka ikakauka, kiraka, jiwe la kugongea. Tundu la pili. La tatu. Kwa kila tundu alirudi kwenye shimo lake, hakuruhusu mtu mwingine aichovye.

Tulirudi kijijini jua linazama, na mjini saa mbili na nusu usiku, wote watatu wamelala wameegemeana.

Siku moja kabla ya kuondoka binti aliniuliza lile korongo linajaa lini. Nikamwambia mvua zikianza kukolea. Sasa amemwomba baba yake warudi Januari, anataka kuliona likiwa na maji, avuke na baiskeli. Mvuvi, wewe unasemaje?

Mvuvi wa Migori (Jumapili, saa 3:30 usiku)

Dada, nimefurahi mpaka mke wangu ameniuliza nasoma nini. Kuhusu kianzio chako, niandikie pembeni, usimtaje mtu hapa. Uongozi wa mwalo utazungumza naye.

Huyo mtoto alete macho yake Januari, lakini kuvuka asahau. Korongo linashuka ghafla, hapo mlipo jua linawaka, mvua imenyesha mbali huko juu, mara unasikia kishindo kama lori. Mtakaa ukingoni na huyo mzee wenu, mngoje maji yapungue. Yanaweza kuchukua mchana mzima. Bebeni chakula.

Shangazi wa Ipagala (Jumapili, saa 3:41 usiku)

Nimemsomea kaka kwenye simu. Binti amesikia, anauliza kama anaweza kupiga alama kwenye mti ulio ukingoni ili aone maji yatafika wapi. Baba mdogo amesema kuna mkwaju, atapiga yeye kesho, aanze na mstari wa chini.